Mlango wa Sentimita Tisini

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Nimeanza shajara. Daktari amesema moyo wangu umechoka na kwamba nisifanye mipango ya mbali. Shajara ni mpango wa siku moja moja. Hakuikataza.

Binti yangu ameniletea daftari na kalamu mbili. Akauliza nitaandika nini. Nikasema kumbukumbu. Akasema vizuri, baba, wajukuu watasoma. Hawatasoma. Humu nitatua mzigo niliobeba miaka thelathini na minane, kisha daftari nitalichoma. Halina muhuri, linachomeka.

Nipo Wodi ya Tatu, kitanda cha sita. Wodi ya zamani. Dari iko juu mno, na madirisha ni marefu kama watu waliosimama kusubiri habari. Asubuhi mwanga huingia ukalala sakafuni vipande vipande, na vitanda vikaonekana vinaelea. Nami naelea. Dawa zao ni nzuri.

Wodi hii naijua kuliko ninavyoujua mwili wangu. Nilikuwa Msimamizi wa Majengo wa hospitali hii miaka ishirini na miwili. Sasa wanaifanya ya kisasa. Nusu yake imezibwa kwa pazia la nailoni, na nyuma ya pazia mafundi wanagonga kutwa. Upepo ukiingia, pazia linavuta pumzi na kuitoa. Linapumua vizuri kuliko mimi.

Saa tano wakaleta mgonjwa wa kitanda cha saba. Mzee mrefu, kaanguka ngazini, nyonga imepata ufa. Mikono kama makoleo. Nikajifunika shuka hadi puani.

Fundi Tisini.

Vitanda vyote vya dunia, na mimi nimepewa jirani huyu. Nimebaki chini ya shuka mpaka saa kumi. Joto.


Jumanne, tarehe 6 Mei

Shuka haikufaa. Sista alikuja kunipima presha, akalitaja jina langu lote, la kwanza, la baba na la babu, kwa sauti ya mnada.

Kitanda cha saba kikakohoa. Kisha kikasema: "Shikamoo, Bwana Mkubwa."

Ananizidi miaka miwili. Shikamoo ile ilikuwa kofi. Nikaitikia marahaba kwa sababu mdomo ulitangulia akili, na wodi nzima ikanitazama kama mtu asiye na adabu.

Sasa liandikwe. Zamani hizo hospitali ilijenga chumba cha upasuaji nyuma ya wodi hii. Mchoraji nilikuwa mimi. Kati ya wodi na chumba kile niliweka mlango, ili mgonjwa asukumwe juu ya kitanda chake moja kwa moja. Upana wake nikaandika sentimita 90. Kwa nini 90? Nilipima mlango wa chumba changu cha kulala. Nilidhani mlango ni mlango. Vitanda vipya vilikuwa na sentimita 96.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe, kitanda cha kwanza kikasukumwa mgonjwa wake akiwa juu, kikakwama. Wakakivuta nyuma, wakakisukuma tena kwa kasi. Rangi ikabanduka. Mwishowe mgonjwa akashuka mwenyewe, akamwomba mgeni rasmi radhi, akatembea kwenda kupasuliwa huku ameshika tumbo.

Kamati ilipangwa kukaa saa tisa. Kati ya saa saba na saa tisa nilichora ramani nyingine, mlango 120, nikaiwekea tarehe ya zamani. Kamati ikaamua kwamba fundi hajui kusoma namba. Akafukuzwa. Mji mzima ukamwita Fundi Tisini, na tangu hapo hakupewa kazi kubwa kuliko banda la kuku. Kazi yake ya mwisho hapa ilikuwa kuuziba mlango uleule. Na wagonjwa wa wodi hii wanazungushwa kwa baraza kwenda kupasuliwa hadi leo, hata mvua ikinyesha.

Ramani ya kweli je? Ilikuwa na muhuri. Kanuni ya ofisi ilisema karatasi yenye muhuri haichomwi wala haichanwi, nami nilikuwa mtu wa kanuni. Fundi alipokwenda kunywa maji niliiviringisha, nikaitia ndani ya kipande cha bomba, nikakisokomeza kati ya matofali. Akarudi, akajenga juu yake, akapiga plasta.

Ukuta huo uko hatua kumi na nne kutoka hapa, nyuma ya pazia. Nataka kufa msafi. Lakini nataka kujisafisha mwenyewe, polepole, kwa maneno niliyoyachagua. Sitaki kusafishwa na mtu mwenye sururu.


Jumatano, tarehe 7 Mei

Injinia amepita. Mwanamke wa umri wa binti yangu, buti miguuni, penseli kwenye nywele. Akawaeleza wagonjwa yatakayokuja kama mtu anayewasimulia watoto kabla ya kulala. Kila mgonjwa chumba chake na sinki lake, ili maradhi yasirukeruke kitanda hadi kitanda. Oksijeni itatoka ukutani kama maji. Madirisha marefu yatabaki. Alisema wazee waliojenga hapa waliijua hewa, sisi tumekuja kuzijua mashine.

Nikampenda. Ni hatari kumpenda adui kabla ya chakula cha mchana.

Nikamwita. Nikamwambia, mwanangu, mimi ndiye niliyesimamia majengo haya, na ule ukuta wa mwisho usiuguse, umebeba dari. Nikatumia maneno ya kitaalamu matano, moja nikalibuni. Akanisikiliza kwa heshima zote. Kisha akapita nyuma ya pazia, akaugonga kwa kidole, akarudi. Akasema, babu, ukuta ule haukubeba kitu zaidi ya rangi.

Kitanda cha saba kikacheka puani.

Nikamuuliza basi ataufanya nini. Akasema tutaangalia. Mimi nimekaa ofisini miaka ishirini na miwili. "Tutaangalia" naijua, nimeisema mara elfu. Maana yake mambo yamekwisha kuamuliwa na wewe hutaambiwa.

Alasiri nikasinzia. Nikamwona marehemu mke wangu amesimama juu ya kiti, anapimia dirisha la wodi mapazia. Akaniuliza upana. Nikamwambia tisini. Akashuka kitini taratibu, akaondoka bila kugeuka.

Nilipozinduka pazia lilikuwa limefunuka kidogo. Nikaona kuta mbili tatu zimeandikwa herufi B kwa chaki nyekundu. Moyo ukaruka, na daktari aliukataza kuruka. B! Mfumo wangu huo! Mimi ndiye niliyewafundisha mafundi wa hospitali hii: V ni vunja, B ni bakiza. Miaka yote hii bado wanautumia. Mtu huacha kitu duniani.

Ukuta wangu hauna herufi. Bado.


Alhamisi, tarehe 8 Mei

Mpango umetekelezwa. Naandika kwa mkono unaotetemeka, kwa furaha, pia kwa sababu hutetemeka kila siku.

Saa nane mchana ndiyo saa ya wodi kulala. Mafundi nao hujinyoosha kivulini. Nyapara wao, mtu mzima wa makamo, mpole, ana tabia ya kuacha chaki zake kwenye kizingiti cha dirisha. Nikashuka. Hatua kumi na nne na fremu ya kutembelea. Fremu ina mpira miguu mitatu tu. Wa nne unalia kama panya. Nikawa nasogea kila mgonjwa mmoja alipokoroma. Yule wa kitanda cha pili ana mkoromo mrefu, alinipa hatua mbili kwa mkupuo.

Nyuma ya pazia ni dunia nyingine. Vumbi limesimama hewani kama unga unaochekechwa, na mwanga unapita ndani yake bila haraka. Sakafu imechimbuliwa, mabomba mapya ya shaba yamelala chini yanang'aa. Nilisahau nimekuja kufanya nini. Nilisimama tu, mzee wa vumbi kati ya vumbi, nikasikia jengo linapumua, nikafikiri labda kufa ni hivi, ni kuvuka pazia mchana watu wakiwa wamelala.

Kisha nikakumbuka. Nikaandika B. Kubwa, nzuri, yenye matumbo mawili sawa. Mwalimu wangu wa hati angelia.

Nikarudi. Dakika ishirini na tano kwenda na kurudi. Fundi Tisini alikuwa amefumba macho. Sista akaniuliza mbona vidole vyekundu. Nikamwambia ni umri.


Ijumaa, tarehe 9 Mei

Wameubomoa.

Saa mbili na robo, kabla sijamaliza uji. Nikasikia sururu upande ule, nikajiambia ni ukuta mwingine. Kisha nikasikia sauti ya matofali yangu. Mtu huyajua matofali yake. Dakika kumi baadaye taa za wodi zikazimika, feni zikasimama, na wodi ya wazazi ng'ambo ikaanza kupiga kelele. Ndani ya ukuta mlipita waya mkuu wa umeme. Waliupitisha baada ya mimi kustaafu. Hakuna aliyeniambia.

Injinia akaja mbio. Akauliza ukuta huu nani kasema ubomolewe, ukuta huu ulikuwa ubaki, kauli yake ni hiyo tangu jana! Vijana wakaonyesha kipande cha plasta chenye herufi. Wakasema Injinia, kina B. B ni bomoa. Zisizo na herufi zinabaki.

B ni bomoa.

Nimeisoma tena sentensi hiyo mara kadhaa. Sarufi haina kosa.

Injinia akamgeukia Nyapara. Nyapara akaapa hakuiandika. Akaulizwa chaki ni za nani. Akasema zangu. Akaulizwa B huwa anaandika nani. Akasema mimi. Kila alipojibu kweli alizidi kuzama. Akaambiwa akae nyumbani hadi Jumatatu, kamati itakaa saa nne.

Katikati ya hayo kijana mmoja akaja na kipande cha bomba, anakitikisa, kinachakarika. Fundi Tisini akainuka kwa viwiko. Nami nikashika moyo kwa mikono yote miwili ili usitoke. Injinia akazibua. Ukamwagika udongo. Mchwa! Walikula ramani yote, wakaacha kiduara cha muhuri, kikubwa kama kifuniko cha chupa. Wino wa serikali hauna ladha.

Hakuna ushahidi. Nimeokoka. Nilipaswa kufurahi, na kwa muda kama wa kunywa maji nilifurahi. Kisha Nyapara akaja wodini kuchukua koti lake, alilokuwa akitundika kwenye msumari karibu na kitanda changu. Akalikunja vizuri, mara mbili, kama nguo ya sikukuu. Ana watoto wanne. Akanitakia nafuu.


Jumamosi, tarehe 10 Mei

Umeme umerudi. Usingizi haujarudi.

Nimeota Nyapara anapita mlangoni na koti lake, na mlango unakuwa mwembamba kila akisogea, sentimita moja, sentimita moja, na mimi nimekaa pembeni na rula nahakikisha vipimo.

Nimeamka na mpango. Nitaomba msamaha kwa Fundi bila kutaja kosa. Watu hufanya hivyo kila siku. Husema kama nimekukosea popote, kwa kujua au kutojua. Maneno mapana, kitanda chochote kinapita.

Basi nikageuka upande wake. Nikamwambia, mzee mwenzangu, mimi ni mtu wa kuondoka. Kama nilikukosea popote, unisamehe.

Akauliza popote wapi.

Nikasema popote tu.

Akasema hilo ni gumu kwa sababu ni mengi, ataanza na lipi. Kuna ile siku nilimnyima ruhusa ya kwenda kumwoza binti yake, akafika harusini watu wanaosha sahani. Kuna pima maji yake ya kusawazishia kuta niliyoazima, nikairudisha imepasuka na kusema nilipewa hivyo. Kuna plasta yake niliyoiita uji mbele ya vibarua. Kuna salamu zake nilizokuwa nikizipokea kwa nyusi. Akaendelea hadi chai ya saa kumi. Mengine sikuyakumbuka kabisa, na mawili nina hakika yalifanywa na aliyenitangulia kazini. Nikayakubali yote. Sikuwa na nafasi ya kubishana.

La mlango hakulitaja.

Alipomaliza akasema amenisamehe yote hayo, isipokuwa la pima maji. Pima maji ilikuwa ya baba yake.

Nimesamehewa yasiyonisumbua.


Jumapili, tarehe 11 Mei

Nimesema.

Ilikuwa asubuhi, saa ya mwanga kulala sakafuni. Wageni hawajaingia. Mafundi hawapo Jumapili, na ukimya wao ulikuwa mkubwa kama chumba. Kupitia pazia niliona umbo la tundu pale ulipokuwa ukuta wangu, na ng'ambo yake rangi ya kijani ya chumba cha upasuaji. Miaka thelathini na minane. Sikuwahi kuuona mwanga wa upande ule kutoka upande huu.

Nikamwambia Fundi, ramani iliandika tisini. Wewe ulijenga nilichoandika. Ya mia na ishirini niliichora mchana ule nikiwa na jasho. Bomba la juzi lilikuwa langu.

Nikangoja. Nilikwisha kujiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Anayo, iko chini ya kitanda.

Akaanza kucheka. Akashika nyonga, akacheka kwa maumivu. Kisha akaacha, akatazama dari kwa muda mrefu mpaka nikadhani kalala. Akasema alijua. Habari za bomba hakuzijua, lakini tisini aliijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekwenda stoo na tepu yake akavipima vitanda, tisini na sita. Akaona kosa. Akanyamaza. Alijiambia mwache huyu Bwana Mkubwa wa nyusi aaibike mbele ya mgeni rasmi. Akaujenga mlango ule kwa makini kuliko milango yote ya maisha yake, tisini kamili, bila hata nusu sentimita ya huruma.

Hakujua kwamba aibu ina miguu. Ilimrudia mwenyewe.

"Miaka yote hii," akasema, "nilijua Mungu ndiye aliyeniadhibu kwa kunyamaza kwangu. Nimefunga, nimeomba, nimetoa sadaka. Kumbe ulikuwa wewe tu."

Hilo lilimuudhi kuliko kufukuzwa.

Nje kwenye baraza wakapita wanasukuma kitanda kwenda upasuaji, magurudumu yakigonga kila kiungo cha sakafu, na mtu juu yake akigumia kwa kila mgongano. Tulisikiliza hadi mwisho wa baraza. Fundi akasema hao ndio tuliowakosea kweli, wewe na mimi, na hatuwezi kwenda kugonga nyumba zao. Lakini Nyapara anapatikana.

Nikamuuliza Nyapara anahusikaje. Akasema aliniona Alhamisi. Hakuwa amelala. Alisema mtu anayekwenda kuiba huku analia kama panya hapaswi kudhani watu wamelala.

Akanipa sharti. Kesho, kabla ya kamati, nimwambie Injinia B ile ni yangu. Nikifanya hivyo amenisamehe mlango, na pima maji pia.

Nimeahidi. Nimempa mkono. Mkono wake bado mgumu, wangu ulipotea ndani yake. Mchana nililala usingizi mwepesi, mweupe, usio na rula.


Jumatatu, tarehe 12 Mei

Naandika kwa utaratibu, ili ieleweke kwamba sikukusudia.

Saa tatu Injinia alipita. Nikamwita. Nikaanza vizuri. Nikamwambia mwanangu, Nyapara hana kosa, B ile iliandikwa na mgonjwa wa wodi hii. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akauliza mgonjwa yupi.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya neno "mimi". Neno fupi, silabi mbili. Lilifika hadi kwenye meno. Lakini Injinia alikuwa akinitazama kwa macho yaleyale ya heshima ya Jumatano, aliponiita babu, na niliona yatakavyobadilika. Nikageuza uso. Nikaona kitanda cha saba. Kilikuwa kitupu, Fundi kapelekwa kupigwa picha ya nyonga. Kitanda kitupu kinashawishi.

Nikasema ni yule mzee. Alikuwa fundi, mkono umezoea. Msimlaumu, umri.

Injinia akainuka, akamkumbuka mtu mwenye nyonga yenye ufa, akauliza alitembeaje. Nikamwambia kwa azma.

Nyapara amerudi kazini saa sita. Kamati haikukaa. Watoto wanne watakula. Hilo ndilo lililotakiwa, tusisahau lililotakiwa. Ukipima kwa haki, ahadi nimeitimiza asilimia tisini.

Fundi alirudi kutoka picha akaniuliza kwa macho. Nikamwambia nimemaliza. Akafumba macho akasema pima maji imekwisha. Nikatazama dirishani. Wingu moja lilikuwa linapita katika vioo, kioo kwa kioo, bila kukwama popote.

Nitamweleza wiki ijayo.


Jumatano, tarehe 14 Mei

Haki imekufa kabla yangu.

Injinia alikuja asubuhi na vijana wawili, na Nyapara, na kofia nyeupe ya ujenzi mikononi. Nikajipangusa mdomo. Akanipita. Akasimama kitanda cha saba.

Akasema walipoondoa kifusi walikuta mlango wa zamani, na ya kwamba haukuwa katika ramani yoyote aliyopewa. Mlango uko mahali hasa alipokuwa akitafuta pa kupitishia vitanda, ila alishindwa kuelewa kwa nini wazee walioijua hewa hawakujua njia. Kwa hiyo wamebadili mchoro. Watautanua, sentimita 130, kitanda kitapita na mashine zake pembeni, moja kwa moja hadi upasuaji. Hakuna tena baraza. Hakuna tena mvua. Akamwambia Fundi, mzee wangu, umeuficha mlango huu moyoni miaka yote, ukaona utuonyeshe kwa herufi moja.

Fundi akanigeukia. Taratibu, kwa sababu ya nyonga. Alielewa yote, niliona yanavyopita usoni mwake moja baada ya jingine: wiki yangu, Jumatatu yangu, mkono wangu niliompa. Nikajivuta chini ya shuka kiasi.

Kisha akainamisha kichwa avalishwe kofia. Akasema, asante mwanangu, mtu husahau mengi ila mlango wake haumtoki.

Mlango wake!

Wakamweka kwenye kiti cha magurudumu, wakampitisha nyuma ya pazia. Vumbi likamzunguka na mwanga ukamshukia kofiani kama ndoto ya mtu mwingine. Nyapara akamshikia tepu mwisho mmoja. Fundi akapima mwenyewe, akaandika 130 ukutani kwa chaki nyekundu, na vijana wakapiga makofi. Mmoja akasema tangu leo ni Fundi Mia na Thelathini. Aliporudi kitandani hakuniuliza neno. Aliweka kofia juu ya kabati lake, ikielekea kwangu, akalala fofofo kama mtoto aliyeoga.

Sasa nauliza. Nani aliuchora mlango ule? Nani aliuficha? Nani aliwaongoza mafundi hadi kwake, hatua kumi na nne, na moyo wa namna hii? Kama si kosa langu, wagonjwa wangezungushwa barazani miaka mia. Fundi alichofanya ni kujenga nilichoandika. Alisema mwenyewe.

Nimeandika barua. Ni kwa Mkurugenzi, haina jina, imetiwa saini ya Mpenda Ukweli. Inaeleza kwamba B ya ukutani haikuandikwa na mgonjwa wa saba bali na mgonjwa wa sita, mtu msomi na mnyenyekevu asiyependa kujitangaza, na kwamba inafaa achunguzwe. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto ili hati isitambulike. Imenichukua saa mbili. B zimetoka mbaya, lakini zinasomeka.

Jioni daktari alipita. Akausikiliza moyo, akausikiliza tena, akasema ajabu, unakwenda vizuri kuliko wiki iliyopita. Akauliza nimefanya nini.

Nikamwambia nimetubu. Kisha nikamwomba bahasha.